Nguvu Bila Vipimo Ni Hasara

Wazee wetu walinena kwamba haraka haraka haina baraka. Msemo huu tumeuzoea mno hata huwa tunausikia kama tusikiavyo mawimbi, unapita masikioni na hauingii moyoni. Lakini anayetaka kuuona kwa macho na aende kwenye gereji ambamo injini ya rotari yenye tabo imefunguliwa baada ya mwenyewe kuizidishia upepo bila ya kupima. Atakachokiona ni kipande cha chuma chenye unene wa milimita 2 kilichokatika. Nyuma ya kipande hicho zipo fedha zilizopotea, ipo miezi ya kungojea vipuri, na upo urafiki wa watu wawili, mwenye gari na fundi wake, uliokatika siku ile ile.

Huenda msomaji akauliza: ukurasa huu wa utamaduni, uliozoea mashairi, ngoma na mila za arusi, umeingiaje katika mambo ya plagi na cheche? Nami najibu kwamba ufundi nao ni utamaduni. Waundaji wa majahazi wa Lamu hatujapata kuwahesabu kuwa ni wakata mbao tu. Tunawahesabu kuwa ni walimu wa elimu iliyorithiwa. Basi leo meli zinateremsha magari ya Japani katika bandari yetu ya Kilindini, nao watoto wetu ndio wanaoyafungua, kuyafunga na kuyatia nguvu mpya. Namna wanavyoifikiria kazi hiyo ni jambo letu sote.

Na kauli yangu leo ni moja. Katika injini ya rotari yenye tabo, nguvu haipatikani kwa kuzidisha upepo. Hupatikana kwa kuupatanisha upepo na wakati wa cheche. Na mapatano hayo hayaletwi na masikio, wala ujasiri, wala kubahatisha. Huletwa na vipimo. Fundi asiyekuwa na vipimo ana haki ya kumwambia mteja wake, "Kazi hii siifanyi." Tena si haki tu, ni wajibu wake.

ASILI YAKE

Tuanze na asili, maana mtu hawezi kukilea asichokijua. Injini tuliyoizoea ina pistoni zinazopanda na kushuka ndani ya silinda. Injini ya rotari haina pistoni wala haina valvu. Ndani yake mna rota, yaani chuma cha pembe tatu chenye mbavu zilizovimba, kinachozunguka ndani ya chumba chenye umbo la yai lililobanwa kiunoni. Kila upande wa rota hufanya kazi yake: wakati upande mmoja unavuta hewa na petroli, mwingine unabana au unaunguza, na mwingine unatoa moshi. Rota ikizunguka mara 1, shafti huzunguka mara 3. Hakuna cha kupanda na kushuka, na ndiyo maana injini hii hukimbia kwa ulaini ambao wanaoipenda huusifu kama mtu asifuye sauti ya mwimbaji.

Aliyeibuni ni Mjerumani, Felix Wankel, aliyezaliwa mwaka 1902 na kufariki mwaka 1988. Injini yake ya kwanza iliwaka mwaka 1957 katika kampuni ya NSU. Miaka 10 baadaye NSU ikatoa gari la Ro 80, lililosifiwa kwa umbo na kwa utulivu wake barabarani. Lakini sifa hazikudumu. Katika kila ncha ya rota pana ufito mwembamba wa kuziba pengo baina ya rota na ukuta wa chumba, ambao mafundi huuita sili ya ncha. Sili hizo zilichakaa mapema, na kampuni ikajikuta inawabadilishia wateja injini baada ya injini kwa gharama yake yenyewe. Mwaka 1969 NSU ilikwisha kuungana na Auto Union chini ya mbawa za Volkswagen.

Huko Hiroshima, kampuni ya Toyo Kogyo, ambayo leo tunaijua kwa jina la Mazda, ilipata leseni ya injini hiyo mwaka 1961. Kazi alikabidhiwa Kenichi Yamamoto na kundi lake la wahandisi 47. Jambo la kwanza lililowakabili ni mikwaruzo iliyochorwa katika ukuta wa chumba na sili zilizokuwa zikitetemeka. Wenyewe waliipa mikwaruzo hiyo jina la kucha za shetani. Walihangaika nayo mpaka wakaishinda, na mwaka 1967 wakatoa gari la Cosmo Sport. RX-7 ilifuata mwaka 1978. Mwaka 1982 wakatia tabo katika gari la Cosmo, ikawa mara ya kwanza kwa gari la rotari la kuuzwa madukani kuwa na chombo hicho, na mwaka uliofuata ikawa zamu ya RX-7. Mwaka 1991 ikaja RX-7 ya kizazi cha tatu, ile ambayo vijana huiita FD, yenye injini ya 13B-REW na tabo mbili zinazopokezana. Iliacha kutengenezwa mwaka 2002.

Nimeyataja haya kwa sababu moja. Tangu Ujerumani mpaka Japani, kisa cha injini hii ni kisa cha sili ya ncha. Anayegusa cheche na upepo wake leo anagusa donda lile lile lililoiangusha NSU na kumnyima usingizi Yamamoto. Na aguse kwa mkono wa adabu.

MOTO MREFU

Injini ya 13B ina rota 2. Kila chumba kina ujazo wa sentimita mchemraba 654, na jumla ni 1308. Huo ni ujazo wa injini ya gari dogo la kwendea sokoni. Pamoja na hayo, kiwanda chenyewe kilifika kutoa nguvu za farasi 280 kutokana na injini hiyo katika miaka yake ya mwisho. Shafti inapozunguka mara 6,000 kwa dakika, injini hupata misukumo ya moto 200 katika kila sekunde moja. Kwa mwendo huo, digrii 1 ya mzunguko wa shafti hupita katika sehemu 1 ya 36,000 ya sekunde. Nani basi atakayesema kwamba anaweza kuipima digrii hiyo kwa sikio?

Tabu yake ya pili ni umbo la chumba cha moto. Katika injini ya pistoni moto huwashwa katikati ya duara na kuenea pande zote. Katika rotari chumba ni kirefu na chembamba, tena kinahama pamoja na rota. Moto unasafiri. Kwa hiyo kila rota imewekewa plagi 2: ya kwanza tuiite plagi ya kutangulia, na ya pili plagi ya kufuata. Ya kutangulia ndiyo inayofanya kazi kubwa. Ya kufuata huwaka digrii kadhaa baadaye ili kuunguza yaliyobakia. Nafasi baina ya cheche hizo mbili mafundi wetu huiita spliti. Mimi ningependa tuiite mwachano.

Kiwanda kiliweka alama mbili katika puli ya mbele ya injini hizi. Gari likiwa limesimama na injini inanguruma polepole, cheche ya kutangulia inatakiwa ije digrii 5 baada ya kilele, na ya kufuata digrii 20 baada ya kilele. Kilele ni pale ambapo chumba kimebanwa mwisho wa kubanwa. Kwa hiyo mwachano hapo ni digrii 15. Gari likikimbia bila mzigo mzito, cheche huwahishwa sana, hata ikaja digrii 30 hivi kabla ya kilele, kwa kuwa hewa iliyomo ni chache na moto wake ni mvivu. Hapo hapana hatari. Hatari huja upepo unapoanza kuvuma.

UPEPO NA TANGA

Tabo ni feni inayozungushwa na moshi unaotoka, nayo huzungusha feni mwenzake inayoishindilia hewa ndani ya injini. Mshindilio huo ndio unaoitwa busti. Rotari na tabo ni marafiki wa asili, maana moshi wa rotari hutoka ukiwa na joto kali na kwa kishindo, na tabo hupenda chakula cha namna hiyo. Katika FD, kiwanda kiliweka busti ya ratili 10 hivi kwa kila inchi mraba. Shafti inapokaribia mizunguko 4,500 na tabo ya pili inapopokea kazi, busti hushuka hadi ratili 8, kisha hurudi 10.

Hewa iliyoshindiliwa ni nzito na ina joto. Petroli iliyochanganyika nayo huungua kwa kasi zaidi. Kwa hiyo, upepo ukizidi, cheche haina budi kucheleweshwa. Hapa sisi wa pwani hatuhitaji mwalimu kutoka ng'ambo. Kila nahodha anajua kwamba upepo ukizidi, tanga hupunguzwa. Haijapata kutokea mwenye akili zake akaona kusi inavuma kwa hasira akaamuru tanga liongezwe. Lakini hilo ndilo analolifanya kijana anayeongeza busti na kuiacha cheche ije mapema kama ilivyokuwa, au mbaya zaidi, anayeiwahisha akitumai kupata nguvu mara mbili.

Kwa mfano, mafundi waangalifu wanapofikisha busti ya bar 1, ambayo ni kama ratili 14 na nusu, hupenda kuiweka cheche ya kutangulia baina ya digrii 10 na 15 kabla ya kilele, na mwachano hawauachi upungue digrii 10. Ninazitaja hesabu hizi ili msomaji aone mwelekeo wake, si ili azinywe kama dawa. Kila injini ina hali yake, kila petroli ina nguvu yake, na kila tabo ina joto lake. Japani, petroli ya daraja la juu ina okteni isiyopungua 96, na gari hili lilitengenezwa kwa petroli hiyo. Anayelitilia petroli hafifu kisha akafuata hesabu za Wajapani amevaa kanzu ya mtu mwingine. Akijikwaa asiulaumu upindo.

Sasa tukitazame kile kinachoogopwa. Cheche ikija mapema mno chini ya upepo mkali, mchanganyiko ulioko mwisho wa chumba, ambao moto haujaufikia, hubanwa na kuchemka mpaka ukajilipukia wenyewe. Wenyewe huita kunoki. Injini ya pistoni inaweza kuvumilia kunoki kwa muda, na dereva akaisikia ikigonga akapunguza mwendo. Rotari isiyo na tabo nayo ni mvumilivu kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa haina valvu yenye joto la kuchochea balaa. Lakini rotari yenye tabo haina huruma. Sili yake ya ncha ina unene wa milimita 2 tu, imesimama wima katika ufuo wake na kuungwa mkono na springi nyembamba. Mlipuko mmoja ulio mkali watosha kuikata.

Nayo ikikatika haifi peke yake. Kila sili ni mpaka wa vyumba viwili. Ikiondoka, vyumba vyote viwili hupoteza mbano. Kipande kilichokatika hukwaruza ukuta wa chumba, kisha hutoka pamoja na moshi na kuyapiga mapanga ya tabo, ambayo wakati huo yanazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Injini imekwenda, na tabo imekwenda. Na sauti ya rotari, kwa jinsi ilivyo kali, huifunika ile sauti ya kunoki. Mara nyingi dereva hupata habari baada ya matanga kwisha.

Lakini asije mtu akasema: basi nitachelewesha cheche kwa kadiri niwezavyo, nipate salama. La! Cheche ikichelewa kupita kiasi, moto humalizikia ndani ya bomba la moshi. Nguvu hupotea, bomba huiva likawa jekundu, na tabo huungua. Vijana hufurahia ndimi za moto zinazotoka nyuma ya gari usiku, na kumbe wanafurahia petroli iliyopotea na chuma kinachoteketea. Kuwahi mno ni hasara, na kuchelewa mno ni hasara. Kilicho bora ni cha katikati, na cha katikati hakijulikani ila kwa kupima.

Juzi nilikaa katika gereji moja hapa Mombasa nikimtazama fundi akiifungua injini ya namna hii. Mwenye gari, kijana wa miaka ishirini na kitu, alikuwa amesimama kando na mikono mifukoni. Fundi alinyoosha kiganja akanionyesha kipande cha sili. Akaniambia, "Ami, hapa haikukosekana nguvu. Ilikosekana adabu." Yule kijana akainamisha kichwa asiseme neno. Sikumcheka, wala sikumuuliza ni nani aliyemfungia. Nilijiuliza tu: tangu alipolinunua gari lile, ni nani aliyekaa naye akamweleza haya kwa lugha anayoielewa?

KAZI KWA UTARATIBU

Kazi hii ina utaratibu, na utaratibu wake hauanzi kwa busti. Busti ni ya mwisho.

Kwanza hupimwa afya. Upo mtambo maalumu wa kupimia mbano wa rotari, unaosoma pande zote tatu za kila rota. Zikitofautiana sana, injini ni mgonjwa, na mgonjwa hapandishwi mlima. Pili hutazamwa petroli. FD ilitoka kiwandani na injekta 4: mbili za sentimita mchemraba 550 kwa dakika na mbili za 850. Hizo zilipimwa kwa busti ya kiwanda. Anayetaka upepo zaidi na aongeze kwanza petroli, na pampu iwe na uwezo wa kuisukuma, maana chini ya busti uwiano unaopendwa ni sehemu 11 hivi za hewa kwa sehemu 1 ya petroli. Uwiano huo husomwa kwa kipimo kilichotiwa katika bomba la moshi, haunuswi kwa pua.

Tatu huthibitishwa cheche. Kompyuta ya injini inaweza kuandika digrii 10 katika kioo chake, na puli ikaonyesha 15 chini ya taa ya kupimia taimingi. Ikiwa hivyo, kila hesabu itakayofuata ni uongo uliojengwa juu ya uongo. Hili ni jambo la dakika chache, na ajabu ni kwamba ndilo linaloachwa mara nyingi. Nne hutazamwa joto la hewa inayoingia. Kipoza-hewa cha FD ni kidogo, na hewa iliyochemka huleta kunoki hata kama cheche imewekwa vizuri. Tano hutazamwa plagi. Kiwanda kilitumia namba 7 kwa plagi ya kutangulia na 9 kwa ya kufuata. Nguvu ikizidishwa, wengi huweka 9 kote au zilizo baridi zaidi.

Ndipo kazi yenyewe ianze, tena juu ya mashine ya kupimia nguvu, wala si katika barabara ya Malindi baina ya matatu na watoto wa chuo. Gari huanzishwa kwa busti ndogo kabisa, petroli ikiwa nyingi na cheche ikiwa imechelewa. Cheche huwahishwa digrii 1 kwa wakati, na nguvu hupimwa kila mara. Pale nguvu inapoacha kuongezeka, hapo husimamwa. Bali hurudishwa nyuma kidogo ili kubakisha akiba ya siku ya joto na ya petroli mbaya. Kisha busti hupandishwa hatua ndogo, cheche ikipunguzwa pamoja nayo, na kazi huanza upya. Kompyuta za kubadilishia, kama ile ya Power FC inayopendwa na wenye FD, zina jedwali la vyumba 20 kwa 20. Hivyo ni vyumba 400, na kila kimoja kinataka jibu lake. Anayekuambia kwamba ataimaliza kazi hiyo kwa nusu saa, mshukuru, kisha ulichukue gari lako uende zako.

Upo mtego mwingine ambao lazima niutaje. Kijana akinunua gari la namna hii, kitu cha kwanza anachokibadilisha ni bomba la moshi, kwa ajili ya sauti. Haoni kwamba anagusa busti. Tabo ina mlango mdogo wa kuupitisha moshi kando ili feni isizidi kasi. Bomba likipanuliwa, moshi hukimbia zaidi, na mlango wa FD ni mdogo. Hauwezi kuupitisha wote. Busti huanza kupanda yenyewe bila ya kuombwa. Kompyuta ya kiwanda ikiona imezidi, hukata petroli ili kuiokoa injini, na gari hushtuka. Hapo kijana hukasirika. Na wapo wanaouza kifaa cha kuidanganya kompyuta isione! Huko ni kumziba mdomo mlinzi kwa sababu amepiga ukelele wa mwizi.

LUGHA YA GEREJI

Nimefika sasa kwenye neno langu kubwa. Elimu hii ipo. Marekani, Puerto Rico, Australia na New Zealand kuna watu waliotumia maisha yao katika rotari, na wameandika wanayoyajua. Lakini imeandikwa kwa Kiingereza na Kijapani, na fundi wetu, ambaye mikono yake ni hodari kuliko ya wengi, huipokea vipande vipande kwa kusikia. Husikia "ongeza", hasikii "pima". Husikia hesabu ya mtu mwingine, hasikii petroli ya mtu huyo ilikuwa ipi.

Nasi hatuna udhuru wa kusema kwamba Kiswahili hakiwezi. Kuna lugha gani yenye kulieleza jambo hili kwa uwazi zaidi? Tuna kuwahisha, tuna kuchelewesha. Maneno mawili, na kila mtoto anayaelewa. Tuna mbano, tuna mshindilio, tuna mwachano, tuna kilele. Hata ratili tunayo, tuliyoipimia nyama na sukari kabla ya kilo kuja. Pale pasipo na neno letu, tulikopeshe jina la kigeni mavazi yetu liingie nyumbani: plagi, shafti, injekta. Ila tuseme jambo likaeleweka. Mwanafunzi wa gereji anayeambiwa "iritadi kidogo" hubaki akikisia. Akiambiwa "ichelewesheni digrii 2 kwa kila ratili mliyoizidisha, kisha mpime tena", amepata la kufanya, na hata akikosea, amepata la kurekebisha.

Watunzi wa mashairi wana mizani. Ubeti ukizidi mizani moja, mwimbaji hujikwaa na wasikilizaji wakajua. Hakuna anayesema kwamba mizani ni adui wa utunzi. Bila mizani hapana shairi. Basi na mafundi wetu nao wawe na mizani yao. Kila gereji inayogusa tabo iwe na daftari. Iandikwe tarehe, petroli iliyotumiwa, mbano wa kila rota, busti, cheche ya kutangulia, mwachano, na uwiano wa hewa na petroli. Kijana anayefunzwa alisome daftari hilo kabla hajashika spana. Ustadi wa mtu mmoja hufa naye. Ustadi ulioandikwa hurithiwa.

Kwa wenye magari nina neno pia. Ukienda kwa fundi na fedha mkononi, lipia vipimo kabla ya kulipia nguvu. Usimlazimishe mtu akupandishie busti kwa kuwa rafiki yako amepandisha. Fundi akikukatalia, usimwite mwoga. Pengine ni yeye peke yake katika mtaa mzima anayekutakia heri. Na wewe fundi, mteja akikuambia, "Weka tu, lolote likitokea juu yangu," usikubali. Likitokea, halitakuwa juu yake. Litakuwa juu ya jina lako, nalo jina halina vipuri.

Atasema mtu kwamba magari haya ni machache kwetu. Ni kweli. RX-7 haitengenezwi tena tangu 2002, na sheria yetu ya kutoingiza gari lililozidi miaka 8 imezifungia mlango za Japani. RX-8 iliyofuata haikuwa na tabo, nayo iliisha mwaka 2012. Rotari iliyorudi mwaka 2023, katika MX-30, ina rota 1 tu na kazi yake ni kuzalisha umeme. Lakini uchache ndio unaozidisha thamani. Kila moja inayovunjwa leo haina badali. Tena tabo zimejaa tele katika Subaru za vijana wetu, na sheria ya upepo na cheche ni ile ile. Tofauti ni kwamba rotari huadhibu papo kwa papo.

Wala sisemi kwamba magari yaachwe yalivyotoka kiwandani na vijana wakae na hamu zao. Hamu ya kuijua mashine ni hamu njema, na wengi wa mafundi wetu bora walianza kwayo. Nakumbusha tu kwamba rotari yenye sifa kubwa kuliko zote, ile ya Mazda 787B iliyoshinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans mwaka 1991, ilikuwa na rota 4 na haikuwa na tabo hata moja. Ilishinda kwa sababu ilidumu mpaka saa ya mwisho ilhali zilizokuwa na kasi kuliko yeye zilikuwa zimeharibika. Kijana anayetaka nguvu na aanze kwa kutafuta kipimo, na fundi anayetaka jina na aanze kwa kununua daftari. Busti itawangoja.